Pamba Ishirini

Isaka, Jumanne, 14 Agosti 1984

Hatimaye Mama Kulwa, karani mwenzangu wa reli kule Tabora, ameikubali fomu yangu ya teleksi: kila namba ifuatwe na kipimo chake. Ubishi wote ule!

Mwezi uliopita nilituma "pamba 20", maana yangu tani, mzigo wa behewa moja. Tabora wakaleta mabehewa ishirini matupu, stesheni ikajaa, na mimi ndiye nikaitwa kujieleza.

Leo fundi wa teleksi kaniambia siku moja dunia nzima itatumiana barua kwa kompyuta.

"Nayo itajua tofauti ya tani na behewa?"

"Hapana, Mzee Masanja. Mtakubaliana kwanza."

Mimi na Mama Kulwa tu tumebishana miaka mitatu. Dunia nzima je? Nawahurumia.

Ila leo nimeomba behewa moja, na limekuja moja.