Michungwa Mitatu ya Ditram

Jumamosi, 9 Machi 2024
Arobaini ya mume wangu imepita juzi, leo kikao. Shemeji Donati kasema shamba ni la ukoo wao, nirudi kwetu. Nikauliza, na michungwa? Akacheka. Miti mlipanda wenyewe, shemeji, kama unaiweza ichukue.
Basi naichukua. Ditram aliibebesha kwa mkono wake mwaka tuliooana: kitawi cha mchungwa juu, kikafungwa kwa kinailoni kwenye shina la mlimau chini. Mtoto hatukupata. Nina hiyo tu.

Jumanne, 12 Machi
Mgongo umekwisha kwa kuchimba. Goodluck, fundi wa miche, alitaka tukate matawi kabla ya kung'oa — mizizi inayobaki ni michache, haitalisha majani yote. Nimemkatalia. Kuna machungwa mabichi ambayo Ditram aliyaona yakiwa maua.
Gari halipandi huku Vidunda. Vijana wa kwaya wameiteremsha miti kwa machela, kama wagonjwa. Njiani watu wakatupisha, wakavua kofia. Mama mmoja kauliza ni nani. Nikasema ni michungwa. Akatoa pole vilevile.

Alhamisi, 28 Machi
Ruhembe, kwa mdogo wangu Editha, ndiko nilikoipanda. Mvua kila siku na bado majani yamejikunja. Machungwa yameanguka yote. Nimeyaokota kwenye beseni, sijui niyafanyie nini.
Goodluck kapiga simu. Nimemwambia inaendelea vizuri. Mwongo mimi.

Jumapili, 14 Aprili
Miwili imekufa. Nimekwangua gome kwa ukucha — kahawia tupu. Wa tatu nimeukata matawi yote leo. Nimechelewa. Misa sikwenda.
Ningemsikiliza fundi. Nilikuwa namlilia mtu, nikaua miti yake.

Jumatatu, 6 Mei
Editha kaniita kwa vigelegele: dada, umechipua! Nimetoka mbio na kanga moja. Machipukizi matatu, kijani kabisa. Nikalia.
Halafu nikapiga magoti, nikaliona kovu, pale Ditram alipofunga kile kinailoni. Yote matatu yako chini yake. Nimefikicha jani, nimenusa. Limau. Juu ya kovu pamekauka mpaka kileleni.
Nimempigia Goodluck, safari hii nimesema kweli yote. Hakunilaumu. Anasema shina ni zima, mama, Alhamisi anakuja kubebesha chungwa lingine palepale.
Nikamuuliza la nani.
Nikaiweka simu chini kabla hajajibu. Bado yuko hewani, simu iko hapa kando ya daftari, namsikia akisema haloo, haloo