Nilimwambia Ayachemshe

Kitshanga, Jumapili mchana

Kwako mdogo wangu Byamungu,

Pokea salamu zetu sote. Hapo Kashebere mnaamkaje, na kifua chako kimepoa? Sisi huku tunapumua, tumshukuru Mungu, ingawa tangu tumzike mwanao Luc nyumba imekuwa baridi.

Nimesikia kwamba Jumamosi baba wadogo watapanda Nyabiondo kwa wakwe zako kudai mbuzi wa mahari, kwa kuwa mama mkwe wako anasemwa alimpa mtoto karuho, ile sumu ya kulishwa kwa siri. Midomo na kucha za Luc ziligeuka bluu akiwa mapajani mwake. Ushahidi wao wote ni huo. Mkeo Astrid amefukuzwa kama mwizi, hata matanga ya mwanawe hakuyamaliza.

Byamungu, unajua kazi yangu ya kupima maji. Kila mwezi nachovya vikaratasi kwenye chemchemi iliyo chini ya kambi ya wakimbizi, nalinganisha rangi na ile ya kwenye kopo. Vyoo vya kambi na mavi ya ng'ombe wa mlimani vikizidi, chumvi iitwayo nitrati hushuka mpaka kwenye maji. Maji hubaki maangavu, matamu, hayanuki. Mtu mzima hunywa tu. Mtoto mchanga huishiwa hewa ndani ya damu, midomo ikageuka bluu.

Mwezi wa tatu kikaratasi kiliiva wekundu. Mkubwa wangu wa kazi akaniagiza ninyamaze mpaka Goma wapime tena, watu wasije wakaingiwa na hofu. Nikanyamaza. Wiki hiyohiyo Astrid, ambaye maziwa yalikuwa yamemkauka, aliniuliza kama maji yale yanafaa kumkorogea Luc maziwa ya unga. Alisema, "Dada, weye njo unajuaka mayi." Nilimwambia ayachemshe sana. Akayachemsha mpaka sufuria ikabaki nusu. Nitrati haifi kwa moto. Maji yakipungua, nayo huzidi ukali.

Usidhani sikujua. Kwenye semina walitufundisha. Nilisema achemshe kwa sababu sikutaka aniulize ninaficha nini. Na shangazi zetu walipomtaja mama mkwe wako matangani, mimi niliendelea kumimina chai. Najichukia, mdogo wangu.

Wasomee baba wadogo barua hii kabla hawajaondoka. Kisha umfuate mkeo wewe mwenyewe, upige magoti mbele ya mama yake. Mimi usinisamehe haraka.

Leo baada ya misa nimewaambia wanawake wote waliopanga foleni pale chemchemi. Wameniuliza wakachote wapi kwingine. Kisha wakajaza bidoni zao maji yaleyale.

Nisalimie majirani. Mungu akulinde barabarani.

Dada yako,
Olga