Kitambaa Changu Cheupe

Eldoret, Jumapili, 1966

Na Baba hakukasirika. Angenigombeza mbele ya watu, pengine sasa ningekuwa nimelala.

Leo Baba alituita wote Kesses, kwenye ekari zake katika lile shamba la mzungu ambalo wazee walichanga wakalinunua. Miaka mingi Baba alikamua ng'ombe wa mzungu huyo. Leo alisimama palepale kama mwenyewe, akatubariki mmoja mmoja jinsi wazee wetu wanavyobariki: unafungua viganja, anakutemea mate kidogo, nawe unajipaka kifuani.

Ndugu zangu walijipaka. Mimi nilikuwa nimekuja na hedimasta wa shule ninayofundisha, mtu wa kutoka Nyeri, na nilimwona akitazama. Nikatoa kitambaa mfukoni, nikapanguza mikono haraka, nikidhani Baba ameshamgeukia mwingine.

Alikuwa bado ananitazama.

"Umemaliza, Mwalimu?" akaniuliza, kwa upole kabisa.

Hajawahi kuniita Mwalimu. Mimi ni Kiprono, jina alilonipa yeye.

Tukirudi mjini, hedimasta hakutaja mate. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza kwamba ni mambo ya wazee tu, kwamba mimi... Yeye akasema, "Baba yangu alikufa kabla hajapata shamba. Wako amekuombea akiwa kwake."

Jioni nimekitafuta kile kitambaa. Sijui nilitaka kukifanyia nini. Mke wangu alikuwa ameshakifua. Kiko kwenye kamba, cheupe, hakina hata doa.