Vyumba Ishirini kwa Siku

Mjukuu wangu msomi,

Sisi huku wazima, na mimi bado nawashinda vijana wote wa ghorofa ya tatu. Barua hii naiandika kwa mkono wangu mwenyewe, usiucheke mwandiko.

Ulipokuja hotelini na utafiti wako wa chuo, uliniuliza nasafisha vyumba vingapi kwa siku. Nikasema ishirini, ukaandika. Kumbe umemwonyesha meneja majibu yetu. Jana alitukusanya stoo ya mashuka akasema, "Kama mzee mmoja hapa anamaliza ishirini, basi mwezi ujao kila mtu ishirini. Asiyeweza, mlango ule pale."

Mama Mapacha, ninayefanya naye kazi, alinivaa kwenye ngazi: "Babu, mdomo wako huo utatufukuzisha! Hivi kumi na vitatu tunavyopewa sasa tunatoka tumepinda kama ndoana!"

Nikamwambia aache uvivu. Kisha nikaenda kutafuta kalamu na karatasi.

Sasa sikiliza. Kabla hujaikabidhi ripoti Ijumaa, futa ishirini, andika kumi na vitano. Si kwamba mimi siviwezi, nawahurumia tu wenzangu.

Ni mimi babu yako, bingwa wa kutandika hoteli nzima.

Nimeifungua tena bahasha. Andika tisa. Vinne vinavyobaki hunimalizia Mama Mapacha, mwaka wa pili huu, kwa sababu ya mgongo wangu. Meneja akiuliza huyo wa vyumba tisa ni nani, usimfiche. Mwambie ni babu yako.