Mstari Uliosema "Niko Hapa"

Kaka Mutua mpendwa,

Leo nimefuta mstari wako. Nakuandikia kabla hasira haijanitoka, maana ikinitoka nitabaki na kilio tu, na unajua ninavyolia vibaya.

Unakumbuka tulipokuwa wadogo kule Machakos, stima zikipotea usiku na giza kutanda? Uliniitia kutoka chumba kile kingine, "Niko hapa!" ukarudia hadi nipapase ukuta na kukufikia. Tabia hiyo ulikuja nayo huku Doha, tulikofuata kazi. Tulipokuwa tukiunda kompaila yetu, ile programu ya kugeuza maandishi ya waprogramu kuwa amri za mashine, na ikawa inaanguka katikati ya kazi kwa makosa ya memori, ile hifadhi ya muda ya kompyuta, wenzetu waliiambia ichapishe namba ili wajue imefika wapi. Wewe uliipachikia mistari ya kuiambia iandike, "Niko hapa."

Mistari hiyo tuliifuta yote isipokuwa mmoja. Mstari huo ukiwepo, programu inakwenda salama. Ukiutoa, inaanguka. Tulicheka hadi watu wa meza ya pili wakatugeukia.

"Wachana nayo," ukaniambia, kikombe cha chai ya karak mkononi. "Hiyo bug yenyewe, kosa lililojificha, tutaisaka nikipata time."

Hukupata. Moyo wako ulisimama ukiwa chumbani kwako Al Rayyan, na Ijumaa iliyofuata, siku ya ibada huku, kanisa likakuombea wakati tayari uko kwenye ndege, umefungwa ndani ya sanduku. Mimi nikarudi kazini. Kila nilipoendesha kompaila, iliandika, "Niko hapa." Nilikuwa naiendesha hata pasipo haja.

Kisha bosi akaniita. Mteja hataki maneno hayo kwenye skrini yake.

"Irekebishe kufikia Alhamisi," akasema, "ama tutupe sehemu yote aliyoandika Mutua, tununue nyingine."

Sehemu yote, kaka. Miaka yako yote hapa. Nilitamani kumrushia kiti.

Kosa nimelipata, na ni lako. Ulikuwa mtu wa haraka, Mungu anajua. Uliachilia kipande cha memori mapema, halafu mbele kidogo ukakitumia tena, kama mtu aliyehama nyumba mtaani Al Thumama akabaki na ufunguo, akarudi kulala kitandani mwa mpangaji mpya. Mstari wako haukuponya kitu. Ulisogeza tu mambo kidogo, mpangaji akachelewa kuingia. Nilikukasirikia hadi nikaigombeza skrini. Si ungesema tuketi nayo wawili, siku moja tu?

Nimerekebisha ili kipande kile kiachiliwe mwishoni, kazi yake ikiisha. Halafu nikaweka kidole juu ya kitufe cha kufuta, nikakaa hivyo hadi chai ikapoa. Nikabonyeza.

Programu imefaulu majaribio yote. Bosi amefurahi, na sehemu yako inabaki. Itaendelea kufanya kazi kwenye mashine za watu ambao hawatajua kamwe kwamba ulikuwepo.

Nimeiendesha kompaila mara moja zaidi, peke yangu. Imeanza, imemaliza, haikuandika neno. Nimeitazama ile skrini tupu kwa muda mrefu, mjinga mimi, nikingoja.

Kazi yako nimeiokoa, kaka, na sauti yako nimeizima kwa mkono wangu mwenyewe. Pumzika. Stima zikipotea sasa, sijui nipapase upande gani.

Ni mimi,
dadako mdogo