Kilalo cha Dunia ya Nne

Masisi, Jumanne asubuhi

Kwako kaka yangu Damien,

Salamu nyingi zikufikie hapo Hombo, wewe na wifi yangu Francine, pamoja na Naomie wetu. Je, kifua chako kimetulia, ao vumbi la barabara ya Bukavu bado linakusumbua? Sisi huku tunaamka, tunakula, tunamshukuru Mungu. Mama yuko vizuri. Goti lake linamuuma tu mvua ikikaribia, na wewe unajua kwamba Masisi mvua inakaribia kila siku.

Kabla hujaendelea, fungua kwanza kifurushi alichokuletea Jérémie wa pikipiki. Ndani utakuta kile kisanduku cha mchezo, nimekifunga kwa kipande cha kitenge. Angalia kama ile taa yake, kataa kadogo kekundu, bado kanawaka. Kama kanawaka, kiweke mezani polepole na usibonyeze kitu chochote, hata vidole vikikuwasha namna gani. Kisha mwite Naomie akae karibu nawe, umsomee barua hii yote kwa sauti. Sababu utaiona mbele.

Barua yako niliipata, na ilinichekesha kabla ya kunikosesha raha. Unasema ulikiona kisanduku hiki sokoni, kati ya vitu vya mitumba, cha aina ileile tuliyokuwa nayo utotoni, na kaseti ileile, ukamnunulia mtoto ili aione Dunia ya Tano, ile ya mwisho ya mchezo, kwa macho yake. Naomie akacheza wiki mbili tu, akamaliza, akaja kukuambia mbele ya wateja kwamba dunia ni nne, ya tano haiko. Wewe ambaye jina hilo umelipaka rangi ya bluu juu ya mlango wa butiki yako! Motard wote wa pikipiki hapo Hombo wanajua kushusha watu Dunia ya Tano. Ukamwambia kwamba shangazi yake Adelaïde aliiona. Naye akajibu: “Basi shangazi naye iko nadanganya.”

Ndiyo maana umemkataza kuja kwetu vakansi hii ya shule mpaka apige magoti aombe msamaha, naye amekataa, na ulipoandika ilikuwa wiki ya tatu anakula ameinama bila kusema. Ukaniomba niandike ushahidi, dunia moja baada ya nyingine, na nitie signature, kwa sababu Naomie amesema vocal za telefone, hizo sauti za kutumiana, zinaweza kupangwa. Ee Mungu wangu, mtoto huyu atakuwa avoka wa korti! Ukanitumia na kisanduku chenyewe ili nijikumbushe.

Basi kazi uliyonipa nimeifanya, mwezi mzima. Laiteri yetu ya fromage, ya jibini, unaifahamu. Maziwa yakifika tunayapasha moto kidogo, tunatia dawa ya kugandisha, halafu tunangoja nusu saa kabla ya kukata. Zamani nusu saa ile ilikuwa ya kusema watu. Sasa imekuwa ya Kapita, yule wa ndani ya kisanduku.

Unakumbuka kwamba sisi njo tulimpa jina hilo? Karatasi ya kaseti ilikuwa imebanduka, jina lake halisi hatukulijua, na kale kamtu kalikuwa kanatembea na kofia yake, mikono mitupu, kanaruka juu ya vichwa vya wengine bila kutoa jasho. Papa, Mungu amlaze pema, akasema huyo ni kapita, msimamizi wa shamba la wazungu, si mwingine. Nimemtazama tena na akili za utu uzima, na Papa hakukosea.

Nianze na ubaya wake, maana unanijua. Kioo kina giza, lazima ukae mlangoni jua likupige mgongo, na huku kwetu jua lenyewe linatoka kwa kujisikia. Tena kisanduku hakina kumbukumbu hata kidogo. Ukizima, Kapita anarudi mlima wa kwanza na konokono zake, kazi yako yote imekwenda. Halafu wale samaki wa dunia ya tatu! Dunia mbili nzima unafundishwa kwamba adui anatokea mbele, ukiisha kuamini, samaki anakuja kutoka nyuma. Nilimtukana mmoja mpaka Mzee Mbonigaba, mwenye laiteri, akaingia kuuliza nani anagombana na nani.

Lakini haki yake nimpe. Kapita anaruka kwa adabu: ukibonyeza kidogo anaruka kidogo, ukishikilia anaruka mbali, na akianguka unajua kosa ni lako. Michezo ya siku hizi ya telefone haina heshima hiyo, inakuomba mega za interneti kila dakika. Na ile muziki yake, mistari mitatu tu, imeingia ndani ya nyumba yote. Mzee Mbonigaba anaiimba akitia fromage chumvi, ukimuuliza anasema ni wimbo wa kanisani. Ningekuwa mwalimu ningempa sabini na mbili kwa mia. Zile zilizobaki awaulize samaki.

Kuna jambo moja utotoni sikuliona. Kapita hawezi kurudi. Akipita mahali, kioo kinafunga nyuma yake. Nilijaribu kumrudisha nione tu kama konokono wa kwanza bado yupo, akabaki anasukuma ukingo wa kioo kwa pua. Nilimwonea huruma.

Basi nikafika dunia ya nne, msituni, kwenye kilalo, lile daraja la kamba. Hapo sina haja ya kukueleza, wewe njo ulilia pale kuliko mimi. Unaweka mguu, mbao zinaanza kuanguka, unakimbia, unaanguka nazo. Siku tisa nimeanguka, kaka. Maziwa ya Alhamisi yaliganda kupita kiasi nikiwa juu ya kilalo hicho, fromage sita zikatoka ngumu na zimepasuka. Mzee Mbonigaba hakunigombeza. Alinipa zote sita nikazile mwenyewe, na mpaka leo Mama na mimi tunatafuna.

Aliyeniokoa ni huyuhuyu Jérémie aliyesimama mbele yako. Alikuwa anangoja tumfungie mzigo kwenye pikipiki, akanichungulia begani, nikaanguka, akacheka. Akaniuliza nani alinifundisha kuvuka kilalo. Alisema sisi watu wa milimani na ng'ombe zetu tukiona kilalo tunakimbia, tunafikiri mbio njo zinavusha muntu. Kwao Walikale, kwenye vilalo vya kamba za msituni, mtoto anafundishwa mapema: hatua tatu, simama, ngoja kinyamaze, hatua tatu tena. Anayekimbia anakiamsha. Nikamwambia ule ni mchezo tu. Akasema aliyeutengeneza hakika alikuwa na mama mkwe ng'ambo ya mto.

Nikajaribu. Hatua tatu, nikasimama. Ubao ukatetemeka, ukatulia, haukuanguka! Haraka haraka haina baraka, tulikuwa tunaimba shuleni kila siku, na vidole vyetu havikusikia. Nilipofika ng'ambo nilipiga kelele hata Jérémie akaangusha kaske yake, kofia ya pikipiki. Na hapo nikaelewa Naomie alivyoweza. Shamba la bibi yake, mama ya Francine, si liko ng'ambo ya mto? Mtoto huyo anavuka vilalo tangu akiwa mgongoni.

Sasa, ushahidi unaoungoja. Baada ya kilalo kuna mlango mdogo. Kapita anaingia, anavua kofia, na kumbe hana nywele hata moja. Yanapita maandishi ya kigeni, inalia muziki mpya, nzuri kweli. Halafu anarudishwa mlima wa kwanza, konokono wanakwenda mbio zaidi. Njo mwisho. Niligeuza kisanduku, nikakipiga kofi, nikangoja, na hakuna kilichotoka.

Mama alikuwa ameniletea viazi, amekaa mlangoni. Aliposikia ile muziki mpya akaniuliza kama sasa tumefika kwa Bihogo, ng'ombe wetu.

Kaka, vile viazi niliviweka chini. Sasa soma polepole, na Naomie asikie vizuri.

Unakumbuka Kashuga, kambini, chini ya shitingi, lile turubai letu, mwaka ule tulipokimbia vita. Wewe ulikuwa na miaka kumi na mitatu, mimi kumi na mmoja. Ulikuwa umebeba kisanduku njia yote ndani ya mfuko wa unga. Mapile manne, betri za kisanduku, yalibaki ya mwisho, na siku ile ulifika kwenye kilalo na Kapita mmoja tu wa kubaki, akianguka yote yanaanza upya. Wakaita watu waje kupanga mustari wa maharagwe ya msaada, Mama akakuhitaji. Ukamsimamisha Kapita kwenye kichwa cha kilalo, ukaniwekea kisanduku mapajani, ukaniambia nikichunge, nisikiguse. Ulirudia mara mbili.

Nilikichunga. Nilimtazama Kapita, mguu mmoja juu, na ule upande wa pili usioonekana, na kitu ndani yangu kikawa kinauliza tu, kuna nini kule, kuna nini kule. Nikabonyeza. Alikimbia, akafika ubao wa tatu, akaanguka. Konokono wa kwanza akatokea. Nikazima.

Uliporudi na maharagwe nilikuambia kwamba mapile yalikuwa yanakufa, nikaona kazi yako itapotea, nikavuka mimi, nikaona yote mpaka mwisho, ndipo taa ikazimika. Nilingoja unipige. Hukunipiga. Uliniuliza kuna nini kule. Nami sikuwa na kitu cha kukupa, nikakupa kwetu. Nikasema kuna Dunia ya Tano, ni milima tu, Kapita haruki tena, anatembea, milango yote iko wazi kama tulivyoiacha, na ng'ombe wanamjua. Nikamtia Bihogo na pembe yake iliyovunjika. Nikamtia Papa mlangoni, ameshika kibuyu cha maziwa.

Ulicheka. Tangu tumzike Papa hukuwa umecheka. Kesho yake ukaniomba niendelee, na kesho kutwa, na watoto wa shitingi za jirani wakaja, na mimi nikaendelea miezi mitano. Kisanduku chenyewe Mama alikibadilisha na sufuria, na hakuna aliyekililia. Watu wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imetoka Kashuga mpaka mlango wa butiki yako Hombo.

Dunia ya Tano haiko, Damien. Haikuwa siku hata moja. Mimi njo niliua Kapita wako, na mimi njo nilidanganya, miaka hii yote, hata siku ya ufunguzi wa butiki nikipiga makofi chini ya kile kibao. Niliona aibu siku ile, nikajiambia nitakuambia jioni. Jioni ile tulicheza, tukala, nikanyamaza. Naomie, mwanangu, baba yako si mwongo, aliniamini mimi kuliko macho yako kwa sababu ananipenda. Wewe ulisema kweli ukaadhibiwa, na adhabu ile ilikuwa yangu. Magoti unayodaiwa, nayapiga mimi hapa Masisi. Nisamehe, kamama kangu.

Mama nilimwambia kwanza, kabla ya kukuandikia, nikilia. Akaendelea kumenya kiazi chake. Alisema alijua tangu siku ya kwanza: mashini ya wazungu, nani angeiambia kwamba Bihogo alivunjika pembe? Alisema alikuwa anakaa nyuma ya shitingi kusikiliza, ili siku moja nimfikie tena Papa mlangoni. Na bado mpaka leo anauliza, si kwa kutojua, ni kwa kutamani kusikia.

Na hapo, kaka, nimekosa usingizi kwa swali moja. Wewe Bihogo ulimkamua kila asubuhi. Pembe ile ilivunjika mikononi mwako. Je, ulijua? Kama hukujua, nakuomba msamaha wa moyo wote, unigombeze unavyotaka, nitanyamaza. Kama ulijua, basi uliniachia nikudanganye kwa makusudi, na hapo sielewi kwa nini mtoto ameadhibiwa kwa kusema tu kile unachokijua. Nijibu, hata kama ni neno moja.

Sasa kisanduku. Mapile ni mapya. Ya namna hiyohiyo nimeyajaribu: niliwasha Jumapili alfajiri, taa ikafa Jumatatu baada ya maziwa ya jioni. Jérémie akiondoka sasa, na mvua ikimwachia njia, atakuwa kwako kesho kabla jua halijazama. Leo alfajiri niliwasha hayo mapya, nikampeleka Kapita mpaka dunia ya nne, nikamwangusha makusudi mpaka akabaki mmoja, na asubuhi hii nimemsimamisha kwenye kichwa cha kilalo, mguu mmoja juu. Ni palepale ulipomwacha Kashuga. Safari hii nimekichunga, sikukigusa.

Namna ya kuvuka siiandiki zaidi ya niliyoandika, maana kusoma si kuvuka, na Kapita ni mmoja tu. Anayejua amekaa karibu nawe. Mwombe msamaha kwanza, halafu mwombe aweke vidole vyake juu ya vidole vyako.

Mama anawasalimu wote na anasema Francine asisahau kumtumia chumvi ya kukandia goti. Mzee Mbonigaba anawatumia fromage moja nzuri, si zile sita. Naomie akifungiwa begi, apande na Jérémie akirudi. Nitamfundisha kukata maziwa yaliyoganda, na yeye atanifundisha samaki. Mungu awalinde njia zote.

Ni mimi dada yako, uliyeniachia kisanduku,

Adelaïde Kamaliza

(signature hiyo hapo, Naomie, iangalie vizuri)

Kama kataa kanaanza kufifia, acha salamu zangu, usimjibu mtu yeyote. Vukeni.