Safu ya "Kulia"

Ukiliokota daftari hili, nakusihi ulifunge hapa hapa. Usimsimulie mtu. Hasa mama yangu.

Jumatatu, 12 Mei 2025

Old Moshi. Wiki ya kumi ya utafiti. Mzee Sirili humpakata kuku, humfunika kichwa kwa kitambaa, hungoja pumzi itulie. Ndipo sindano ya kuchota damu kwenye mshipa wa bawa. Wiki moja bawa la kulia, wiki ya pili la kushoto, mshipa upumzike. Kuku hata hashtuki. Mimi karani, najaza fomu.

Jumatano, 14 Mei

Mbwa alibweka, kuku namba 14 akapiga kelele mapajani kwa Mzee. Daktari Beatrice, mkuu wetu, akaniambia, "Andika N, huyo amelia."

Kalamu ikasimama. Safu inasema: "Kulia – N/H." Ndiyo au hapana. Wiki kumi nimeijaza nikidhani ni bawa! La kulia, N. La kushoto, H. Na diploma yangu.

Nikaandika N.

Alhamisi, 15 Mei

Daktari alitusomea fomu. Wiki moja kuku wote wamelia, wiki inayofuata wote kimya. "Mzee, una wiki ya kunywa mbege na wiki ya ibada?"

Godbless, dereva, akadakia: kumbe kitambaa angefunikwa mshikaji, si kuku. Wakacheka. Nami nilitabasamu – Mungu anisamehe.

Mzee Sirili ni mzee wa usharika. Mbege aliiacha kabla sijazaliwa. Alikunja kitambaa tu, mara nne. Jumatatu anakuja mtu mwingine mahali pake.

Fomu zilikuwa mikononi mwangu.

Ijumaa, 16 Mei

Amekuja kuaga. Nikasema shikamoo nikitazama viatu vyake.

"Marahaba, mwanangu Kindness. Wewe ndiye unayeandika. Hivi kweli walikuwa wanalia? Masikio yangu siku hizi..."

Nikasema sijui.

Akanipa kitambaa, nimpe huyo mpya. Nimwambie angoje pumzi itulie.

Nimefika mlangoni kwa Daktari mara tatu. Mara tatu nimerudi. Basi naliacha daftari juu ya friji ya sampuli, yeye ndiye hufungua ofisi Jumamosi. Daktari, soma Jumatano. Mzee hanywi. Mimi nipo Rau, kwa shangazi Martha, geti la kijani baada ya mashine ya kusaga. Simu nimezima. Zunguka mlango wa jikoni, ubishe. Ukisikia kimya usiondoke, nipo ndani.